Pengo Kwenye Duara

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ni ya mjukuu wako, aliyening'inia mkononi mwangu hivi ninavyoandika. Ukiona mstari umekwenda upogo ujue ni yeye. Sisi wazima. Baba yake yuko safarini kama kawaida yake. Mtoto ametimiza miaka saba, meno mawili ya mbele yameng'oka, sasa akicheka ni pengo tupu na maji ya kunywa yanamchuruzika kidevuni. Mguu wa mkazamjomba unaendeleaje? Mwambie yale mafuta ya kuchua nimeyapata, nimeyatia ndani ya soksi humo kwenye kifurushi ili chupa isivunjike.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako, mjomba, anapokea mkazamjomba, anaita "Haloo" mara sita kisha anakata. Barua angalau haikatiki.

Sasa la kifurushi. Humo utakuta kitu kama kipande cha sabuni, bluu juu, nyeupe ndani. Usikiogee. Ni mpira mpya wa kuchongea mihuri. Wakala wa vifaa vya ofisi alituachia sampuli hapa dukani, bosi akauliza nani anamjua mtu ambaye bado anachonga mihuri kwa mkono, nikanyoosha kidole kabla hajamaliza. Wanasema haumomonyoki kama mpira wa soli unaouchukua kwa fundi viatu, na kwa ile rangi ya juu unaona kila mahali kisu kilipopita. Bosi anataka kusikia neno lako kabla hajaagiza. Jaribu muhuri wa duara: duara mbili, moja ndani ya nyingine, maneno yazunguke kati yake, na nyota katikati. Maneno yoyote utakayo. Uugonge kwenye karatasi unitumie.

Jingine, sanduku la marehemu mama nimelifungua. Mwaka mzima nilikuwa nalizunguka tu kama paka na maji. Nguo zake nyingi nimezigawa. Chini kabisa nimekuta karatasi ya kifo cha baba, ambayo sikujua kama ipo. Inasema alifia zahanati kwa homa. Mama aliniambia siku zote kwamba alikufa kwa ajali ya gari akiwa safarini. Mjukuu wako ananiuliza babu yake alifia wapi, nimwambie lipi? Wewe ulikuwa mtu mzima wakati ule. Niandikie.

Mpwa wako,
Sisimizi

1 Machi

Sisimizi wangu,

Shikamoo zote mbili nimezipokea, marahaba. Mkazamjomba wako ameyapokea mafuta na sasa nyumba nzima inanuka kama duka la dawa, lakini jana alipanda ngazi mwenyewe kumfuata kuku aliyetagia juu ya kabati, kwa hiyo siwezi kulalamika. Karakana yangu inavuja. Maji yanadondoka juu ya kiti cha wateja hasa, nami nimeona heri, mteja hakai kupiga soga. Macho yangu bado yananitii asubuhi. Mchana yanataka miwani.

Mpira wako nimeujaribu. Siku ya kwanza sikuupenda. Niliupaka wino nao wino ukakimbia, ukajikusanya vitone vitone, nikasema hao ndio matapeli wa mjini. Kumbe una mafuta ya kiwandani. Nimeusugua kwa sabuni, nikaukausha, wino ukatulia. Kuchora juu yake ni rahisi: unachora kwa penseli kwenye karatasi nyembamba, unailaza kifudifudi, unasugua kwa mgongo wa kijiko, picha inahamia yenyewe. Kisu kinaingia bila kubishana. Ile patasi yangu niliyoitengeneza kwa ubavu wa mwavuli, ambayo kwenye mpira wa soli naisukuma mpaka bega linauma, humu inateleza tu. Nimekata mstari mwembamba kama unywele na haukumomonyoka. Kwa mwenye mikono ya kizee ni neema.

Nimekuchongea kuku. Ni yule yule wa juu ya kabati, nimemtia ndani ya fremu ya mraba asikimbie. Mpe mjukuu wangu.

Duara sijachonga. Nyota katikati, duara mbili, maneno yanazunguka: huo ni muhuri wa ofisi, Sisimizi, na mimi mihuri ya duara niliiacha miaka ishirini na tano sasa. Nachonga VIZURI SANA ya mwalimu wa darasa la pili, nachonga maua ya mwenye duka la mikate, nachonga nyuki wa yule bwana wa asali, nalala usingizi wangu. Bosi wako ana haja gani na nyota? Muuzaji wa mpira anaangalia mpira, haangalii nyota. Kama kuna mtu amekaa nyuma yako anataka kitu kwa mzee mjinga wa karakana inayovuja, mwambie mzee amekufa macho.

Usiniudhikie. Nakupenda, lakini nimekaa na mihuri miaka mingi kuliko wewe ulivyokaa duniani, na najua harufu ya mtu anayetaka kitu asichokitaja.

Mjomba wako

14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mjukuu wako amefurahi hadi amenitia hasara ya ukuta. Kuku amegongwa mlangoni, kwenye friji, na baba yake aliporudi na kujilaza kochini akagongwa kuku kwenye paji la uso, akaenda hivyo hadi dukani kununua sigara na hakuna aliyemwambia. Mtoto anakusalimu. Anauliza kama unaweza kumchonga na paka.

Mjomba, nilikuandikia mambo manne. Mafuta umejibu, mguu umejibu, mpira umejibu kurasa nzima. La baba hukuligusa hata kwa ncha ya kalamu. Nimeisoma barua yako mara tatu nikidhani labda ukurasa mmoja umebaki kwenye bahasha. Bahasha niliichana nikaitazama ndani.

Sitakulazimisha. Ila duara naitaka, wala hakuna mtu nyuma yangu. Kuku hana herufi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba mpira unajulikana tabia yake kwenye herufi ndogo zinazopinda. Nakumbuka mengi ya kwako, usidhani. Nakumbuka nilivyokuwa nikikaa chini ya meza yako nikiokota chembe za mpira moja moja, ndiyo ukaniita Sisimizi. Nakumbuka tulipokuwa tumekwisha hamia huku, ulipokuja kututembelea ukaniletea viatu vyekundu vya kunizidi namba mbili. Mama alivitazama akaingia jikoni, hakutoka mpaka ulipoondoka. Siku zile nilidhani amekasirika kwa sababu ulikosea namba.

Chonga duara, mjomba. Ni mpira tu.

Sisimizi

30 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako ilichelewa njiani, kisha mimi nikashikwa na mafua, kisha kisu changu kizuri kikapotea siku tisa na kuonekana ndani ya kikapu cha vitunguu. Kwa hiyo usihesabu siku. Sisi wazima. Paa bado linavuja. Mkazamjomba anasema umemsahau, hukumwandikia hata mstari wake mwenyewe.

Haya, duara yako hiyo. Nimeandika MPIRA MPYA HAUNA NENO, na nyota katikati kama ulivyotaka. Mwambie bosi wako hivi. Herufi ndogo zinakaa vizuri, hata tumbo la P halikufunguka. Kasoro yake ni moja: ni laini mno, ukigandamiza kwa nguvu herufi zinatanuka zikawa kama zimevimba. Mpira wa soli ulitaka ngumi, huu unataka kiganja. Anayezoea ngumi atauchafua. Basi, aagize.

Hilo la karatasi. Karatasi za zamani, Sisimizi, ziliandikwa na makarani waliokuwa wanawaza chakula cha mchana. Palipo ajali akaandika homa, akapiga muhuri, akaenda zake. Mwambie mtoto babu yake alikufa safarini, inatosha. Mama yako amepumzika, na aliyepumzika haulizwi maswali. Yaliyopita si ndwele. Na kama hiyo karatasi inakukosesha raha, ichome. Karatasi kuukuu huleta mende.

Viatu sivikumbuki.

Mjomba wako

9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Kwa mkazamjomba nimeandika barua yake peke yake, iko humu, umpe bila kuisoma.

Duara yako nimeiangalia kwa lenzi ya dukani, kwanza kwenye mwanga wa dirisha, kisha chini ya taa ya kaunta. Ni kazi safi. Bosi kaipitisha mkono kwa mkono. Mimi nimekaa nayo siku nzima.

Nilikuwa na miaka sita. Ulikuwa umeniketisha juu ya meza, na mbele yako kulikuwa na muhuri ambao umeshaumaliza. Ukachukua wembe, ukaukata mstari wa nje mahali padogo, padogo kabisa, ili ukigongwa paonekane chini kushoto. Nikakuambia mjomba umeuharibu. Ukacheka. Ukasema kila muhuri wako unauachia pengo pale pale, watu wadhani mpira umemomonyoka, kumbe ni wewe umejiwekea alama, ili siku mtu akikuletea muhuri akisema ni wa kwako umjue mkweli na mwongo. Ukaniambia siri hiyo wanaijua watu watatu tu duniani. Wa tatu hukunitajia.

Bila shaka umesahau kwamba uliniambia. Mtu mzima akimwambia mtoto siri hudhani ameuambia ukuta.

Muhuri wangu wa kuchezea, ule wa sisimizi, bado ninao, na una pengo. Kuku wa mjukuu wako ana pengo kwenye fremu, chini kushoto. Huyo mkono wako ulikwenda wenyewe. Ila duara hii niliyokuomba, baada ya wiki sita za mafua na vitunguu, haina. Mstari umefunga mviringo wote. Kwenye mpira ambao wewe mwenyewe umesema haumomonyoki, pengo lisingekuwa na kisingizio, ndiyo maana ukaliacha. Uliogopa nisije nikaliona.

Karatasi ya baba iko hapa mbele yangu. Muhuri wake ni duara mbili, nyota katikati, jina la zahanati linazunguka. Mstari wa nje una pengo. Chini kushoto.

Sikuwa najaribu mpira, mjomba. Mpira ulikwisha kujaribiwa na kuku. Nilikuwa nakujaribu wewe, na ninaona uchungu kukuandikia hivyo kwa sababu baada ya mama sina mzazi mwingine. Lakini kama zahanati ndiyo iliyokuagiza muhuri ule usingeficha pengo, na mtu hachongi muhuri wa bandia kwa ajili ya kifo cha kweli. Baba yangu alikufa au hakufa? Neno moja linatosha. Nilione umeliandika kwa mkono wako.

Sisimizi

20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Wiki kumi. Mkazamjomba amenijibu yake, anasema uko mzima, unakula, unachonga, na kila akikuuliza kama umeniandikia unamwambia kalamu imekauka. Nimeweka kalamu mbili kwenye bahasha hii.

Karatasi sijaichoma.

Sisimizi

28 Agosti

Mwanangu,

Kalamu zimefika. Sina salamu nzuri ya kuanzia, kwa hiyo chukua hii: tu wazima, na paa limezibwa. Nilipanda mwenyewe nikaliziba kwa sababu nilihitaji kazi ya kuipa mikono yangu wakati kichwa kinatafuta pa kuanzia.

Hakufa.

Nimeliandika kwa mkono wangu kama ulivyotaka. Sasa soma na mengine, na usiitupe barua kabla hujafika mwisho.

Baba yako alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji yangu. Alikuwa mchora mabango, tukimwita Brashi. Mimi nilikuwa na mkono wa kukata lakini herufi zangu zilikuwa mbaya, yeye alikuwa na herufi za kumpendeza kila mtu, basi yeye alichora nami nikakata, mihuri yote ya miaka ile. Pengo la chini kushoto tulilitunga pamoja siku moja tukiwa tumekaa bila wateja. Huyo ndiye wa tatu.

Ulipokuwa na miaka mitano alikwenda mbali kutafuta kazi. Alisema miezi mitatu. Ilipita miaka miwili bila barua, bila salamu ya mdomo. Mama yako alishona nguo za watu mpaka vidole vikapasuka, aliuguza homa zako peke yake, na watu wakawa wanamwuliza mumeo yuko wapi huku wanacheka. Kisha tukasikia amerudi, yuko kwa mama yake, na anasema anakuja kumchukua mtoto akalelewe kwao. Mama yako alikuja karakana mchana, hakukaa. Alisema, "Amekaa miaka miwili hajui kama mtoto anakula, leo anakuja kumchukua kama mtu aliyesahau mwavuli." Kisha akaniambia anachotaka.

Alitaka karatasi ya kifo. Si ya baba yako. Ya kwako.

Nilimkatalia. Nilimkatalia mara mbili. Lakini dada ndiye aliyenilea, Sisimizi. Wazazi walipotutoka nilikuwa na miaka kumi, aliacha shule yeye ili nisome mimi, na hajawahi kunikumbusha hata siku moja hadi siku ile. Siku ile alinikumbusha. Nikachonga muhuri wa zahanati, nikaandika kwamba mtoto amekufa kwa homa, nikaandika jina lako. Mama yako akakuchukua mkahamia huko mliko. Hilo ndilo usilolijua, kwa nini mlihama haraka vile na kuku mkawaacha.

Wiki ya pili baba yako alikuja. Alisimama mlangoni pangu na kifurushi mkononi, akauliza mke wake yuko wapi na mtoto yuko wapi. Nikampa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama. Alipomaliza hakulia, aliinamisha kichwa akawa anautazama muhuri, na ukucha wake ukawa unafuata mstari wa nje, taratibu, kama mtu anavyopitisha kidole ukingoni mwa sahani. Ulipofika chini kushoto ukasimama.

Ndipo nilipojua mkono wangu umefanya nini. Nilikuwa nimeacha pengo. Kwenye muhuri wa uongo mkubwa kuliko yote maishani mwangu niliweka alama yangu, kwa mazoea tu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba inayoungua.

Alinyanyua macho akaniangalia, nami nikainamisha yangu. Aliikunja karatasi mara nne akaitia mfuko wa shati. Kifurushi akakiweka mezani, akasema, "Mpe mtoto yeyote ambaye vitamtosha." Akatoka. Sikumwona tena.

Viatu vile sikununua mimi.

Alikuwa amekuona mara ya mwisho una miaka mitano, akakisia namba, akakosea. Mama yako alivitambua ni vya nani nilipovitoa, ndiyo akaingia jikoni. Mimi nilivileta kwa sababu sikuweza kukaa navyo kwenye rafu, na kuvitupa nisingeweza.

Mwaka uliofuata shule yako ilitaka kujua baba yuko wapi. Mama yako alikuwa amekwisha kukuambia habari ya ajali. Muhuri ulikuwa bado kwenye droo, muhuri wa zahanati, na zahanati haiwezi kusema mtu amefia barabarani mbali, kwa hiyo tukaandika homa. Nikaugonga mara ya pili. Kisha nikaukata vipande vinne na mihuri ya duara nikaiacha.

Miaka ishirini na tano nimejiuliza kama aliliona lile pengo. Kama hakuliona, basi nimemzika mtoto wake moyoni mwake. Kama aliliona, alijua u hai, akajua pia kwamba tumemfungia mlango, akakubali kutoka. Sijui lipi ni baya zaidi. Barua yako ya kwanza ilipofika na habari ya duara na nyota, nilikaa nikasema, huyu ametumwa na yeye. Kumbe umetumwa na sanduku.

Na hili nalo nilikuficha. Miaka sita iliyopita lori lilisimama mtaani kwetu, ubavuni limeandikwa jina la mwenyewe, na herufi R mguu wake umetupwa mbele kama mtu anayepiga teke. Herufi hiyo naijua. Nikamwuliza dereva. Akaniambia ni fundi mmoja mzee, anaandika malori kwenye gereji iliyo nyuma ya mizani ya magari, kwenye mji ambao kutoka kwako ni safari ya siku moja. Mama yako alikuwa hai bado, nami nikanyamaza. Alipofariki nilikosa sababu ya kunyamaza, nikanyamaza hivyo hivyo kwa woga.

Nusu ya mpira wako ilikuwa imebaki. Nimekuchongea kitu, kimo humu. Uamuzi ni wako. Sikuombi unisamehe, nimezeeka lakini si kipofu.

Mjomba wako

6 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo nakupa kwa sababu ya umri wako. Nyingine utasubiri.

Mtoto mzima. Paka aliyemwagiza bado anamdai, na yeye hahusiki na ya kwetu, kwa hiyo mchonge. Bosi ameagiza mpira kwa wingi na ameweka duara yako ukutani dukani, MPIRA MPYA HAUNA NENO, nami kila asubuhi napita chini yake.

Nilikaa na barua yako wiki mbili. Nilimkasirikia mama, halafu nikaona aibu kumkasirikia mtu ambaye hawezi kunijibu, hasira yote ikarudi kwako. Bado iko kwako. Nilikuwa na baba. Nimeolewa bila baba, nimezaa bila kumwonyesha mtoto, na wewe ulikuwa umekaa pale na droo yako. Nimekuandikia hayo ili usije ukafikiri yamepita kwa sababu naandika vizuri.

Wiki iliyopita nilikwenda. Sikumwambia mtu isipokuwa baba watoto, naye alitaka kunisindikiza nikamkatalia. Gereji ipo, nyuma ya mizani kama dereva alivyosema. Mzee mmoja mwembamba alikuwa amekaa kwenye stuli mbele ya mlango wa lori, ana makopo manne ya rangi miguuni, anaandika. Sikujua nitaanzaje. Mtu anaanzaje? Mezani pake kulikuwa na kipande cha boksi anachofutia brashi. Nikatoa muhuri wako mpya na kidau cha wino nilichokuja nacho, nikaugonga kwenye lile boksi, kwa kiganja, si kwa ngumi, nikalisogeza mbele yake.

Duara mbili. Nyota. SISIMIZI YU HAI.

Aliweka brashi chini. Alijifuta mikono kwenye suruali, akainama, na ukucha wake ukaanza kuufuata mstari wa nje. Mjomba, ulinieleza vizuri, ni vile vile. Ukucha ulizunguka juu, ukateremka, ukafika chini kushoto, ukasimama penye pengo. Mimi nikawa nahesabu makopo ya rangi.

Kisha akaniangalia, akaniuliza, "Viatu vilikutosha?"

Nikamwambia vilinizidi namba mbili. Nikamwambia nilijaza vitambaa mbele, nikavivaa hivyo hivyo, nikavivaa mpaka vikanibana.

Sisimizi